Bega la Kaka

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, mtoto amelala

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wifi na watoto. Natumaini mnaamka salama na kile kikohozi cha yule mdogo kimekwisha. Sisi huku tunasogea. Binti yangu ameanza kusimama kwa kushika ukingo wa kitanda cha bibi yake. Anayumba kama mlevi, anaanguka kwa matako, halafu anacheka mwenyewe. Baba yake anakusalimu sana, wiki hii anaingia kiwandani asubuhi.

Najua unachotaka kusikia ni habari za Mama, basi nisikuzungushe. Moyo wake umechoka, Kaka. Miguu inavimba, na akilala chali pumzi inambana, kwa hiyo tunamwegemeza kwenye mito. Baba mtoto ameinua kichwa cha kitanda kwa matofali. Daktari alisema dawa zitamsaidia apumue, ila hazitamrudisha alikokuwa. Nilipomuuliza atakuwa nasi mpaka lini, alivua miwani akaifuta, akasema tusizipoteze siku nzuri. Nimekuandikia alivyosema, sijaongeza chumvi.

Mwanzoni nilichanganyikiwa. Mtoto analia huku, Mama anaita kule, na nusura nimpe dawa za asubuhi mara mbili. Nikajiambia, hapana, lazima nijipange. Sasa mkebe wa kifuniko chekundu ni dawa za asubuhi, wa bluu ni za jioni. Beseni la Mama halikutani na beseni la mtoto. Kadi ya hospitali iko kwenye msumari nyuma ya mlango, na mkoba wa nguo safi uko chini yake, tukikurupuka tusitafutane. Hata wageni niliwapangia saa zao. Shangazi alikuja nje ya saa, akasimama mlangoni mikono kiunoni: "Tangu lini mgonjwa akafunguliwa na kufungwa kama benki?" Mama alicheka mpaka akakohoa. Tangu hapo ananiita Bi Ratiba.

Nilijisikia, nisikufiche. Muuguzi anayekuja kumwona alisema chumba hiki kimepangika kuliko wodi yake. Ndiyo kwanza nikazidi! Cherehani cha Mama nikakisukuma kwenye kona, nikakifunika shuka na kupanga mikebe juu yake. Na kwa kuwa muuguzi alitaka tuwe na vitambaa vingi safi vya kumfuta Mama jasho, nikavuta lile kapu la vipande lililokuwa chini ya kitanda. Vikubwa nikavichana, nikavichemsha vyote, nikavianika juani, nikavikunja vizuri.

Unanijua mimi na kushona. Mama alinipa sindano, nikaitumia kutoa miiba. Kwangu mimi kipande ni kipande.

Majuzi mtoto alikuwa na mafua. Nikachukua kitambaa cheupe chenye mistari ya kijani, nikamfuta pua. Mama alikuwa ananitazama. Akasema polepole, "Bi Ratiba, hicho unachomfutia makamasi ni bega la kaka yako."

Nilidhani ni ugonjwa unasema. Akanyoosha mkono nikampa. Akakitandaza magotini, akapitisha kidole ukingoni, pale mkasi ulipozunguka kwenye kwapa. Ndipo nilipoelewa. Lilikuwa shati lako, Kaka. Alilikata kabla miguu haijavimba, kwa vipimo vyako vya zamani alivyovishika kichwani, akaongeza kidogo maana kwenye picha umenenepa. Alikuwa anangoja miguu ipungue akanyage cherehani. Na mimi mgongo wako nilikuwa nimeshaufanya vitambaa vya jasho.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Nilimuuliza, "Mama, mbona hukuniambia mapema kwamba kuna shati humo?"

Akasema, "Kila nikitaka kukuambia unapita na beseni. Nikasema nitakuambia ukikaa. Hukukaa."

Hilo neno ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko kitambaa chenyewe. Nilipanga dawa, nikapanga maji, nikapanga na Shangazi. Kukaa na Mama hivi hivi tu, bila kushika kitu mkononi, hakukuwa na nafasi yake popote. Siku ngapi nzuri zimenipita nikiwa nakunja nguo, sijui.

Shuka nimeiondoa. Cherehani tumekisogeza mpaka kitandani. Mtoto akilala mchana, mimi nakanyaga, Mama anaongoza kitambaa kwa mikono yake. Nikikanyaga kwa nguvu ananipigia kelele: "Taratibu wewe, hili si gari la wagonjwa!" Tumeshona foronya moja. Imepinda, lakini ameilalia na anamwonyesha kila anayeingia. Nakwambia, Kaka, siku ile alikula vizuri.

Baba mtoto amepata kitambaa kingine, mistari ile ile. Nikamwambia Mama nitakuandikia ututumie vipimo vyako. Akakataa kabisa. "Vya barua vitadanganya. Huyo tangu mdogo akipimwa anabana tumbo. Mwambie ayalete hayo mabega mwenyewe."

Basi kitambaa kimekunjwa juu ya cherehani, hakijaguswa na mkasi. Tepu ya kupimia anaivaa shingoni, analala nayo.

Najua ulisema utakuja mkataba ukiisha, na silaumu, kazi ni kazi. Mimi pia nilikuwa na kazi, tena humu humu chumbani, hatua mbili kutoka kwake. Nakuomba, usingoje mkataba. Njoo sasa hivi, angali anaweza kushika mkasi.

Msalimie sana wifi, na wanao mmoja mmoja, hasa yule anayefanana na Mama. Shangazi anakusalimu, anasema umtafutie miwani. Mama hakutumi salamu, anasema atakupa ukifika. Mungu akufungulie njia na akulinde humo safarini.

Saa za wageni nimezifuta. Ukifika muda wowote, sukuma tu mlango.

Wako akupendaye,
mdogo wako,
Bi Ratiba