Picha Uliyoikataa Katika Mji wa Wafalme

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Salamu sina. Nakuandikia hadharani kwa sababu ulipenda mno mambo yetu yafanywe chinichini, na mimi nimechoka kufichwa.

Unaukumbuka Székesfehérvár, ule mji wa Hungaria walikotawazwa wafalme wao wa zamani? Hapa Jakobsberg, Uswidi, ulijigamba wiki nzima: "Pete nitakuvisha palepale walipovikwa taji." Nikaomba ruhusa kazini, nikasuka nywele, nikakufuata. Kumbe lile kanisa la wafalme limebaki misingi na mawe tu, nawe ukasimama mbele yake ukinihubiria historia uliyoisoma kwenye ndege. Pete hukuitaja. Nikajiambia mvumilivu hula mbivu. Upuuzi mtupu.

Pale uwanjani, penye lile tufe kubwa la mawe la kifalme, nilikupiga picha mpaka simu ikapata moto. Wewe peke yako, kidevu juu. Bibi mmoja mpita njia akatuashiria tumpe simu atupige sote wawili. Nilishakusogelea. Ukamzuia kwa mkono.

"Wacha tu," ukaniambia. "Mum akiiona ataanza maswali."

"Maswali gani? Si ulisema ulishamwambia?"

"Nitamwambia. Usinisukume, bana."

Jioni ukanisomea, ukicheka, ujumbe wa mamako kutoka Kakamega. Alikuwa anawaombea ninyi wanakwaya mrudi salama. Kwaya yenyewe ilikuwa mimi, na kuimba sijui. Chuki yangu ilianzia hapo, na tangu siku hiyo haijapoa.

Jumapili iliyopita, kwenye ibada yetu ya Kiswahili, mchungaji akasoma tangazo la ndoa yako na binti wa mji jirani wa Upplands Väsby. Huyo mamako anamjua, nasikia hata wazee wameshatumwa kwao. Mchungaji alipofika pale pa "mwenye pingamizi na aseme," vichwa vikageuka kunitazama. Kanisa zima lilijua habari zetu, mwanamume wewe! Nilikaa nimekaza macho kwenye kitabu cha nyimbo, mashavu yakiniwaka. Kesho yake ndipo ukakumbuka namba yangu: "Tafadhali usiniharibie."

Tangazo litasomwa tena Jumapili hii, nami nitakuwepo, kiti cha mbele. Lakini lala usingizi. Sitasimama. Pingamizi huwekwa na mtu anayekutaka.

Kwaheri, na usinijibu.

Aliyekuwa mchumba wako