Kitabu Chako Kimemfunga Tahiya Mdomo

Fumba,
Unguja.
10 Oktoba, 2025.

Mpendwa mwanangu Mudrik,

Kitabu cha skuli umeandika, bahari umeisahau. Nimeona aibu mimi niliyekubeba mgongoni nikivuna mwani.

Assalaam aleikum. Hujambo huko Dodoma? Mkeo Bashira hajambo, na kifua chako je? Sisi wazima, alhamdulillahi, ila hati yangu usiicheke. Simu nimekupigia mara nne, hupokei.

Juzi Jumatano, mwezi mpevu wa siku kumi na tano, bamvu kubwa, maji hupwa mbali na kurudi kwa nguvu, mwalimu wa sayansi aliwapeleka watoto kwenye fungu la mchanga kupima maji kwa ufito, kama kitabu chako kinavyotaka. Mwalimu si mtu wa pwani, simlaumu sana. Kitabu kimesema wasiondoke mpaka wamalize jedwali, basi wakainamia madaftari mpaka saa sita. Wewe unajua, na usiniambie hujui, kuwa ule mkondo wa nyuma, kati ya fungu na pwani, hujaa kabla ya fungu. Hilo hukuliandika.

Sisi wa mwani tulishatoka saa tano. Jirani yetu Mwanamwema ndiye aliyegeuka akaona vichwa vya watoto majini. Tukarudi mbio, tukawavuta kwa kamba za mwani, watoto kumi na tisa, maji yananifika kifuani. Tahiya wa dada yako alitoka wa mwisho, macho yamempinduka. Nilijua nshamzika.

Sasa anakunywa uji. Lakini hofu yangu haijashuka. Nilimuuliza, mjukuu wangu, nimekufundisha kuhesabu mwezi tangu hujaota meno, hukuona maji?

"Niliona, bibi. Lakini mwalimu alishasema hesabu za mwezi ni mambo ya kizee, kitabuni hazimo. Na kitabu kaandika mjomba."

Mudrik, mtoto ameona maji yanakuja akanyamaza, asije akakukosoa wewe. Tangu hapo kila akivaa sare naogopa.

Sikatai sayansi. Ufito ule mzuri, na Tahiya nataka asome akushinde. Lakini na sisi tunapima, miaka yote, ila hatujaulizwa.

Dada yako Salhiya anakusalimu, na baba yako mdogo Mmanga. Mungu akuhifadhi na akurejeshee akili.

Bamvu la mwezi mchanga limebakisha siku kumi na mbili, na mwalimu anawarudisha funguni. Njoo kabla ya hapo. Keti na mimi na Mwanamwema, uandike tutakayokwambia. Kisha usimame mbele ya darasa lote umwambie Tahiya kwa mdomo wako: akiona maji yanageuka apige kelele, kitabu kiwe kimesema au hakikusema.

Mama yako, akupendaye hata akikukasirikia,
Mize Borafya