Wifi Asema Namtumikisha Mama Mgonjwa

Mpendwa mshauri, pokea salamu zangu, kisha naomba uninusuru kabla ya Ijumaa. Mavyaa wangu alipatwa na kiharusi mwaka jana, mkono wa kulia ukalala, nami kwa kuogopa kuitwa mke mvivu nikamfanyia kila kitu, nikamlisha, nikamwogesha, nikamvisha, miezi minne, hadi vidole vikakakamaa, na kosa hilo ni langu, kisha tukampata Judy, mtaalamu wa tiba kazi, akanikataza kumlisha, akampa kijiko chenye mpini ulionenepeshwa kwa kitambaa, akamuuliza anapenda kufanya nini, mama akasema kukuna nazi, basi kila siku namkalisha kwenye mbuzi ya kukunia na kizio kimoja, yaani nusu ya nazi, na vidole vikaanza kushika. Jumapili wifi yangu Kadzo akaja kutoka Galu, akamkuta mama anakuna, jasho linamtoka, nami nimekaa natazama, akaniambia mbele ya majirani, "Wifi, mama yangu umemfanya kijakazi? Ijumaa namchukua, akapumzike kitandani." Niliona haya, nikaificha ile mbuzi, nikarudia kumlisha, na tangu siku hiyo mama hanisemeshi, amegeukia ukutani. Nifanyeje?

Kahaso, Kombani

Kahaso, pole, kusimangwa mbele ya majirani kunauma. Lakini dawa umeiona ikifanya kazi, kisha unaificha kwa haya? Mficha uchi hazai, mwanangu.

Wifi yako si mbaya, hajui tu. Mweleze kwamba katika tiba kazi, shughuli za kila siku ndizo dawa yenyewe: kula, kuoga, kuvaa, kupika. Mtaalamu huchagua ile mgonjwa anayoithamini, huigawa vipande anavyoviweza, na hurekebisha chombo kimfae mtu, kama kile kijiko. Lengo ni ajitegemee. Kitanda kitamrudishia vidole vilivyokakamaa.

Mpigie Judy leo, aje Alhamisi, umwite na Kadzo. Mumeo naye awepo, maana huyo ni mama yake na sijamsikia popote katika barua yako. Kisha muulizeni mama anataka kukaa wapi na kufanya nini. Mkono ndio uliolala, akili yake iko macho, nanyi mnamgombania bila kumuuliza. Atakalosema, lifuateni.

Wewe usingoje Alhamisi. Kesho asubuhi mwombe mama radhi, umpe chai ya vuguvugu nusu kikombe, aishike mwenyewe. Ikimwagika, pangusa, umjazie tena.