Nimeipata Divai Anayoipenda, Ila Hataki Kuinywa na Mimi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, ingawa najua mwisho wenyewe ndio utakaonihukumu zaidi.

Mimi ni fundi seremala, natengeneza makabati ya jikoni na milango, nina miaka sitini na moja, na mke wangu ni mkunga aliyestaafu mwaka huu baada ya miaka thelathini na mmoja katika wodi ya wazazi, na katika miaka yote hiyo sikumbuki hata mara moja kumuona amekaa kabla ya chakula cha jioni, maana alikuwa akitoka zamu anaingia jikoni na viatu vya kazini bado mguuni, anabandika sufuria, anakata vitunguu, anatupakulia mimi na watoto, halafu chakula chake anakula amesimama, kimeshapoa, huku anafuta jiko. Mimi niliona kawaida. Mama yangu naye alikula hivyo hivyo.

Siku aliyoagwa, wenzake walimwandalia tafrija fupi kwenye chumba cha wauguzi, wakamimina divai nyekundu katika vikombe vya karatasi, akarudi nyumbani mashavu yamechangamka, akaniambia, "Fundi wangu, leo nimeonja kitu. Ni tamu, laini, haikwaruzi koo, inashuka yenyewe. Nataka kila jioni, kabla sijaingia jikoni, tukae mimi na wewe, glasi moja moja tu, tuzungumze." Nikamwambia sawa. Nilisema sawa kama mtu anavyomwambia mtoto sawa ili anyamaze.

Wiki mbili baadaye nilirudi kutoka karakana nikiwa na mdogo wangu na mwalimu mmoja mteja wangu, na sitakuficha, tulipitia baa, nilikuwa na bia tatu tumboni. Tulimkuta mke wangu amevaa gauni lake la kutokea, amesogeza meza ndogo dirishani, ameweka chupa, glasi mbili na kisahani cha karanga. Sijui shetani gani alinipanda. Nikasema kwa sauti, "Haya, njooni muone! Mkunga amestaafu wodi, sasa ameajiriwa na chupa!" Wakacheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika, alisema tu polepole, "Kaa basi, ni glasi moja." Na mimi, mshauri, kwa kuwa watu walikuwa wananitazama, nikaishika ile chupa nikaenda nayo jikoni nikaimwaga yote kwenye sinki, huku napaza sauti ili wa sebuleni wasikie kwamba katika nyumba yangu mwanamke halewi. Jikoni kote kukajaa harufu ya zabibu. Nilipogeuka alikuwa mlangoni na zile glasi mbili mkononi, akanipita bila kunigusa, akafungua bomba, akaanza kuziosha, glasi ambazo hazikuwa zimetumika.

Tangu siku hiyo sijaitwa tena "fundi wangu." Naambiwa, "Chakula tayari." Naambiwa, "Maji yamekatika." Hatugombani, na laiti tungegombana ningejua pa kushika. Binti yetu alinipigia simu kutoka anakoishi, akaniambia, "Baba, ile chupa tuliichagua mimi na mama, nusu saa nzima, yeye yuko dukani ananisomea maandishi kwenye simu, anacheka kama msichana. Wewe umeimwaga kwa dakika moja." Nikajifanya mtandao mbaya.

Nikaona dawa ya moto ni moto, nitamnunulia nyingine. Nikaenda dukani mwenyewe nikachukua yenye karatasi nzuri kuliko zote, imeandikwa "kavu," nikadhani maana yake haijachanganywa maji. Mke wangu akaonja kwa adabu, akakunja uso, akasema, "Ahsante. Inakausha ulimi." Akaenda kupika. Nikaleta ya pili, hiyo ilikuwa tamu mpaka inanata mdomoni kama dawa ya kikohozi, hata mimi ilinishinda. Safari ya tatu nikamuuliza muuzaji, dada mmoja mwenye miwani, anisaidie kupata nyekundu iliyo tamu na laini, ya kunywa kabla ya kula. Akaniuliza, "Mzee, mama anapenda yenye ladha ya matunda zaidi, au nzito? Anapenda ya baridi? Vitu vichungu kama kahawa anaviweza?" Nikasimama pale kama mlingoti. Miaka thelathini na minne ya ndoa, na sikujua kama mke wangu anaweka sukari kwenye kahawa. Nikatoka mikono mitupu.

Sasa, jirani yetu wa nyumba ya nyuma ni mjane wa makamo, mfamasia, na alikuwa ameniomba nikamrekebishie mlango wa kabati uliolegea bawaba. Tulipatana Jumamosi asubuhi, lakini Ijumaa kazi iliniishia mapema nikaona nipitie, ilikuwa kama saa kumi na moja jioni. Kabla sijabisha hodi nikasikia kicheko cha mwanamke, kicheko cha kutoka tumboni, kinapanda na kushuka, na nikajiuliza huyo mgeni ni nani. Mshauri, sikukitambua kicheko cha mke wangu. Alikuwa barazani, viatu kavivua, miguu juu ya stuli, glasi mkononi. Mimi kila jioni alikuwa akiniambia anakwenda kunyoosha miguu, na kumbe hakunidanganya. Aliponiona, miguu ikashuka, viatu vikavaliwa, glasi ikawekwa chini, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mfamasia akasema, "Karibu fundi, kabati liko jikoni."

Nikaingia nikaifunga ile bawaba. Lakini juu ya meza ya jikoni niliiona chupa yenyewe, nikalisoma jina lake mara tatu kama mwanafunzi anayeibia mtihani, na kesho yake nikaenda moja kwa moja kwa yule dada wa miwani nikaipata.

Jioni hiyo niliandaa meza ile ile, dirisha lile lile, hata karanga sikusahau. Mke wangu aliingia, akasimama, akaitazama chupa.

"Umeiona kwa mfamasia," akasema.

"Ndiyo."

Akakaa. Nikammiminia, akanywa taratibu mpaka tone la mwisho, mimi namwangalia kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Nikashindwa kuvumilia. "Ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe," akasema, na moyo wangu ukaruka. Halafu akaigeuza glasi akaifudikiza mezani. "Nilikuwa na mahali pamoja tu ambapo wewe hukuwepo. Sasa hata pale umenifuata." Akaingia jikoni, na baada ya muda nikasikia kisu kinakata vitunguu.

Hiyo ni wiki ya tatu sasa. Kwa mfamasia haendi tena, wala na mimi hakai. Ikifika saa ile anajilaza chumbani, kageukia ukutani, mpaka wakati wa kupika. Mimi namimina yangu nakunywa peke yangu, na kweli ni tamu, ni laini, na sielewi niliichukia kwa nini. Mdogo wangu ananiambia yule mjane ndiye aliyemharibu mke wangu, nimkataze asikanyage kule, mke akikosa pa kwenda atarudi mezani mwenyewe. Nami nimechoka. Je, nimkataze? Au nitafute divai nyingine, nzuri zaidi ya hii? Nisaidie, mshauri, maana nyumba imekuwa kubwa mno kwa watu wawili.

Ni mimi,
Fundi wa Makabati

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Pole. Umeandika bila kujipaka rangi, na wanaume wengi wanaoniandikia hawafiki hapo, bia zao tatu huwa zinageuka soda njiani. Itunze hiyo pole, maana hutapata nyingine humu.

Tuanze na hilo la divai, kwa sababu wapo wasomaji wengine watakaolitaka. Anayetafuta nyekundu laini ya kunywa kabla ya chakula asome maandishi: "kavu" aikimbie, atafute iliyoandikwa tamu au nusu tamu, aiweke kwenye friji nusu saa tu isije ikaganda ladha, amimine glasi ndogo, na asiinywe tumbo likiwa tupu kabisa. Aliye na mimba au anayemeza dawa aulize kwanza hospitali. Basi, habari ya chupa imekwisha. Wewe, fundi, usinunue nyingine. Ubao uliokatwa mfupi haurefuki kwa kupakwa vanishi, wewe unalijua hilo kuliko mimi.

Mkeo hakuwa na kiu. Alitumia miaka thelathini na mmoja kupokea watoto wa watu na kulisha wa kwako, akaomba kitu kimoja: akae, na wewe ukae, mzungumze. Angeweza kuomba chai. Ukamjibu mbele ya wanaume wawili, ukiwa umelewa, kwamba yeye ndiye mlevi. Unashangaa ameacha kukuita fundi wangu? Mimi nashangaa bado anakupikia.

Halafu ukajiuliza divai ipi, duka gani, jina gani. Ulimuuliza muuzaji, ukaipeleleza meza ya mfamasia, ukamsikiliza mdogo wako. Yeye mwenyewe hukumuuliza neno, ila la chupa. Barua yako nimeirudia mara mbili natafuta mahali uliposema "nisamehe," sikupaona. Umempelekea chupa tatu ziseme kwa niaba yako, na chupa haina mdomo.

Kumkataza asiende kwa mfamasia? Ukifanya hivyo usiniandikie tena. Yule mwanamke hakumharibu mkeo. Alimpa kiti. Mdogo wako alikuwepo siku ile akicheka, kwa hiyo katika jambo hili hana cheo cha mshauri, ni mshitakiwa mwenzako.

Sasa sikiliza. Wiki hii mwite mdogo wako na yule mwalimu waje nyumbani mchana, wote mkiwa wakavu, bila tone la bia, na mbele yao umwambie mkeo: nilikuaibisha, nilikosea, nilikuwa nimelewa mimi, si wewe. Maneno hayo, usiongeze "lakini." Ulimvunjia heshima mbele ya watu, huwezi kuirudisha mkiwa chumbani. Asipokujibu kitu, usimdai jibu.

Kisha nenda kwa mfamasia. Usiingie. Simama mlangoni, mwambie ulifika siku isiyo yako na unaomba radhi, na kwamba hutakanyaga pale tena bila kuitwa. Rudi umwambie mkeo kwamba saa kumi na moja ni yake, akitaka kwenda aende, na wewe hutauliza alikokuwa wala alichokunywa. Na saa hiyo hiyo ingia jikoni. Mikono inayoweza kufunga bawaba haishindwi kumenya kitunguu. Utaunguza, utazidisha chumvi, utakula ulichopika. Akirudi akute chakula kiko tayari na kiti chake kimevutwa.

Sikuahidi kwamba atakaa. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sitakudanganya ili ulale vizuri: kuna wanawake ambao wakishaigeuza glasi, wamemaliza. Hawaondoki, hawapigi kelele, wanaishi tu na wewe kama abiria. Inawezekana mkeo ameshafika huko, na ikiwa amefika, hakuna barua yangu itakayomrudisha. Hata hivyo utapika. Utapika kwa sababu una deni la miaka thelathini na minne, wala si kwa sababu utalipwa.

Na siku atakapokaa, kama ipo hiyo siku, usimmiminie chochote na usimsimulie habari za karakana. Muulize leo aliamkaje, kisha funga mdomo. Akikujibu kwa neno moja, pokea hilo moja, usiombe la pili. Akikwambia anataka kukaa peke yake, inuka wewe, toka nje, na uufunge mlango taratibu.