Wanaongea Kama Mimi

Msalato, Dodoma, Agosti. Mwaka wa ishirini na tisa tangu nivuke ziwa.

Dada Mapendo,

Amani iwe nawe na nyumba yako yote. Huku ni kiangazi, na vumbi jekundu limeingia hadi kwenye chumvi. Niko kwenye chuo kinachoandaa wamisionari. Vijana hawa wanakuja kwetu Fizi, ng'ambo ya ziwa, nami nawafundisha Kibembe. Kila Ijumaa mezani ni Kibembe tu. Anayeomba chumvi kwa Kiswahili anakula mlenda usio na chumvi.

Ijumaa hii Yunis, binti wa Kigogo kutoka Kizota, alisimama kuombea chakula. Nilikuwa nimefumba macho, nikayafumbua. Alivuta maneno kama watu wa mlimani kwetu, akashusha sauti mwishoni kama marehemu baba. Hata alitua katikati ya sentensi, pale ninapotua mimi kutafuta pumzi. Wenzake wakaitikia vivyo hivyo. Nami nilidhani lafudhi ile itazikwa pamoja nami huku.

Nikamwambia, "Mwanangu, unaongea kama mzee."

"Sasa Babu, tungemwiga nani mwingine?"

Wakacheka wote.

Yunis amepangiwa kijijini kwako, na kadi hii nimempa akukabidhi mwenyewe. Usimcheke sana. Mkaribishe chakula, mwache aombe, umsikilize mpaka mwisho. Mungu akutunzie macho na magoti. Mimi sitarudi.

Kaka yako