Mimi Ni Yule Yule

Tarehe 4 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi, na kama hujambo nimefurahi. Mimi ni mzima kama chuma. Usishangae mwandiko, naandika na mkono wa kushoto, wa kulia bado umelala toka kile kiharusi. Seremala mwingine angetafuta mtu wa kumwandikia.

Mama yako amekwambia nimebadilika. Uongo. Kweli nilicheka yule mjane alipokuja karakana kumwagizia mumewe jeneza. Kicheko kilitoka chenyewe kama chafya. Mama yako akaninong'oneza ninyamaze, nikamtukana mbele ya watu nikamrushia randa. Haikumpata. Miaka arobaini sijamwinulia mkono, mara moja tu ndiyo afungashe aje kwako? Mwambie mimi ni yule yule. Arudi.

Baba yako, fundi wa mafundi

Tarehe 21 Machi

Baba, shikamoo.

Mkono na mguu vinaendeleaje? Dawa unameza? Mama nimemsomea barua yako. Nilipofika "mimi ni yule yule" akanizuia. Akasema, "Kama ni ugonjwa ndio ulionitukana, narudi kesho nikamuuguze. Kama ni yeye mwenyewe, basi miaka arobaini nimelala na mtu nisiyemjua."

Baba, daktari anasema kiharusi kinaweza kumgeuza mtu tabia. Kucheka, kulia, hasira, vyote vinakuja bila hodi, na si aibu. Sema tu kwamba unaumwa. Mama anasubiri neno hilo moja.

Binti yako

Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Nimepata yako. Mguu unataka kukimbia. Milango ya mtaa huu wote nimetengeneza mimi, hakuna hata mmoja unaokwaruza sakafu, leo niandike kwamba kichwa changu kibovu? Asiporudi nitapika mwenyewe. Kupika ni kazi gani.

Baba

Tarehe 30 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mama yako naye hajambo? Miezi hii sikuandika, na hii yenyewe nimeishika siku tatu.

Wiki iliyopita redioni walitangaza sabuni, nikalia. Sabuni, mwanangu. Fundi mwenzangu akanikuta hivyo, akasema, "Pole mzee," nikamfukuza kwa maneno ambayo hata sikuyatafuta. Alipofika njia panda nilimwita, ila sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Sasa haji mtu. Naweka vikombe viwili mezani, halafu kimoja nakirudisha.

Mwambie mama yako maneno haya haya, usiyapambe. Humu ndani kuna mgonjwa. Anavaa nguo zangu, analala upande wangu wa kitanda, lakini simjui. Analia ovyo, anatukana watu wazuri. Nimemuuguza peke yangu, na unajua mimi si mtu wa kushindwa kazi. Huyu amenishinda.

Aje tusaidiane.

Baba