Rafu Pana za Kijichumba cha Mama

Jumatatu, 7 Juni 1943
Fundi Athmani wa Bondeni ameanza kupigilia rafu za mbao kwenye kijichumba cha nguo. Mimi niko nyuma ya pazia. Eda ya marehemu mume wangu Badawi imebaki siku ishirini na tatu, mwanamume wa kando hanioni. Kipimo nilimpa khalati Nana, dada wa mama, ampe shemeji Gharib, nduguye Badawi, yeye ampelekee fundi: kamba yenye mafundo, nimepima kwa mkono wangu mwenyewe. Upana shibiri moja na nusu. Za sahani za mama na kanga zangu, basi.

Jumatano, 9 Juni
Nana kachungulia. Yuwasema rafu ni pana, mtu aweza kulala. Najua lililotokea — fundi kapima kwa mkono wake, na mkono wenyewe kama kasia! Nikamtuma Nana amwambie azikate. Jibu: hakati bila idhini ya Bwana Gharib.
Bwana Gharib! Nyumba hii mama aliniachia mimi. Hata Badawi aliingia hapa bwana harusi, na kasha lake moja.

Alhamisi, 10 Juni
Nina hasira hata kalamu yatoboa karatasi. Leo nimemuuliza fundi mwenyewe kwa nyuma ya pazia, Nana kakaa kati yetu. Kamba yangu je? Akajibu: sikupewa kamba, bibi. Nilipewa jora la kitambaa cha marikani, nikaambiwa upana ni huo.
Jora. La duka la Gharib. Kumbe si rafu zangu, ni ghala lake! Na mimi siku mbili namtukana fundi wa watu. Nimemtaka radhi. Akasema yamekwisha.

Jumamosi, 12 Juni
Gharib kaingia na majora sita. Bila hodi! Nimejitupia shuka usoni upesi. Ati mjane atafanya nini na nyumba nzima? Eda ikisha niende kwa mamake huko Tononoka, nikapumzike. Akufukuzaye hakwambii toka.
Nana akamkanya. Naye akajibu, amesikia nazungumza na wanaume ndani ya eda, na mtaa ukijua itakuwa aibu. Yeye aliyenivamia kabla sijajifunika shuka! Ajua siwezi kutoka kwenda kwa kadhi. Ndiyo maana ana haraka.

Jumatatu, 14 Juni
Fundi amemaliza mlango wa kijichumba. Gharib alikuwa Mwembe Tayari, akitafuta mkokoteni wa kuleta majora yaliyobaki. Fundi akauliza, sauti ya chini: bibi, komeo nilitie ndani au nje? Bwana Gharib alisema nje, na kufuli.
Nikasema ndani.
Hakuuliza tena. Alipokwenda zake nimeyaburura majora yote sita hadi ukumbini, nikaingia. Nana kanipa maji na mkate wa sinia, kisha nikafunga. Naandika juu ya rafu ya chini. Ni kweli, mtu aweza kulala.
Siku kumi na sita zimebaki, kisha kwa kadhi.
Mkokoteni umefika, nasikia hamali wakishusha. Kisha Gharib: shemeji, shemeji, fungua tuzungumze. Vidole vyake mlangoni, polepole. Leo amejua kubisha hodi.